Sensa na madaftari ya kanisa: Jinsi ukoo wa mchimba makaa unavyotafutwa Uingereza

MWANAMFALME William wa Uingereza alimchumbia Catherine Middleton wakiwa likizoni humu nchini Kenya mnamo Oktoba 2010. Habari hizo zilipotangazwa rasmi Novemba 16 mwaka huo, magazeti ya London yalianza mara moja kuchimbua asili ya bi harusi.

Ya bwana harusi haikuhitaji kuchimbuliwa, kwani nasaba ya wafalme imehifadhiwa vitabuni kwa karne nyingi. Ya Catherine ilikuwa kazi nyingine kabisa. Nyanya yake mzaa mama, Dorothy Harrison, alikuwa binti wa seremala, na seremala huyo alitoka katika ukoo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa eneo la Hetton-le-Hole, Kaunti ya Durham, kaskazini mashariki mwa England.

Watu wa aina hiyo hawakuacha majumba ya kifahari, wala mashamba, wala picha za kuchorwa ukutani. Waliishi katika nyumba za kampuni, wakahamahama kutoka mgodi hadi mgodi, na wengi wao hawakujua hata kuandika majina yao. Licha ya hayo walipatikana, tena kwa majina na kazi zao.

Je, iliwezekanaje? Jibu limo katika hati za aina tatu ambazo mtu yeyote, awe mjukuu wa kibarua, mfumaji au kijakazi, anaweza kuzipekua: vyeti vya serikali, karatasi za sensa na madaftari ya parokia. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa ajili ya vitukuu. Serikali ilitaka kuhesabu watu wake, kanisa lilitaka kujua nani amebatizwa, na walipa kodi wa kijiji walitaka kujua ni maskini yupi watakayelazimika kumlisha. Mtafuta nasaba huokota makombo ya shughuli za wengine, na ni vyema alikumbuke hilo kila anapofungua ukurasa.

Kanuni ya kwanza ni kuanza na yanayojulikana na kurudi nyuma, kizazi kimoja kimoja, bila kuruka. Wengi hufanya kinyume. Humwona mtu mashuhuri wa karne ya 16 mwenye jina la ukoo kama lao, kisha hujaribu kuteremka kutoka kwake hadi kwao wenyewe. Njia hiyo aghalabu humfikisha mtu anapotaka kufika, ila si kwao.

Usajili wa serikali wa uzazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales Julai 1, 1837. Cheti cha kuzaliwa hutaja mama pamoja na jina lake la ukoo kabla ya kuolewa, na kwa jina hilo ndoa ya wazazi hutafutwa. Cheti cha ndoa nacho hutaja baba wa bwana na baba wa bibi, pamoja na kazi zao. Hivyo basi hati moja humkabidhi mtafutaji kwa nyingine, kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti.

Akina mama, hata hivyo, hawakuwa na nafasi katika hati ya ndoa hadi Mei 2021. William na Catherine walipofunga ndoa Aprili 29, 2011, fomu ilikuwa bado inauliza majina ya akina baba peke yao. Ukoo wa mamake Catherine, ambao ndio unaoshuka hadi migodini Durham, hauonekani humo hata kidogo. Anayeutaka ni sharti apitie vyeti vya kuzaliwa: cha Catherine, kinachomtaja mamake kwa jina la Goldsmith, halafu cha mamake, kinachomtaja Dorothy kwa jina la Harrison.

Vyeti navyo si msahafu. Cheti hueleza kilichosemwa mbele ya msajili, na si lazima kiwe ndicho kilichotokea. Mtu aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kumtaja babu yake, au hata mtu ambaye hakuwahi kuwepo, kuwa ndiye babake, ili asiaibike mbele ya wakwe. Isitoshe, adhabu kwa wazazi wasioandikisha mtoto ilianza kutumika kwa dhati mwaka wa 1875 pekee. Kabla ya hapo baadhi ya watoto hawakuandikishwa kamwe.

Ni katika sensa ambapo familia ya mfanyakazi huonekana ikiwa pamoja, chini ya paa moja, usiku mmoja. Sensa ya kwanza ya Uingereza ilifanywa mwaka wa 1801, na tangu hapo imerudiwa kila baada ya miaka 10 isipokuwa 1941, wakati wa vita. Sensa nne za mwanzo zilihesabu vichwa tu na majina hayakuhitajika. Ile ya Juni 6, 1841, ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha watu kwa majina kote nchini.

Hata hiyo ina mitego yake. Makarani waliagizwa kupunguza umri wa kila aliyezidi miaka 15 ili uandikwe 20, 25, 30 na kadhalika. Mtu wa miaka 34 akawa wa 30. Uhusiano wa watu nyumbani haukuandikwa, kwa hivyo mwanamke wa miaka 25 anayeishi na mwanamume wa miaka 30 anaweza kuwa mkewe, dadake au mpangaji tu. Kuhusu mahali pa kuzaliwa, karani aliuliza kama mtu amezaliwa katika kaunti hiyo, naye akajibiwa ndiyo au la.

Mambo yalibadilika katika sensa ya Machi 30, 1851. Kuanzia hapo kila mtu aliandikwa uhusiano wake na mwenye nyumba, umri wake kamili, kazi yake, na parokia alikozaliwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo daraja la kuvukia kutoka sensa hadi madaftari ya kanisa, na bila hiyo koo nyingi za wafanyakazi zingekwama katika miaka ya 1840.

Kwa wachimba makaa safu hiyo ina thamani ya pekee. Kwa muda mrefu wachimbaji wa Durham na Northumberland waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja ambao uliwafunga kwa mgodi mmoja. Kuuvunja lilikuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Mwaka ulipokwisha, familia nyingi zilipakia vyombo mkokotenini na kuhamia mgodi mwingine uliotoa ujira bora au nyumba isiyovuja. Mkataba huo ulifutwa mwaka wa 1872.

Hakuna aliyeandika shajara ya safari hizo, lakini watoto ni ushahidi tosha. Chukulia familia ambayo mtoto wa kwanza amezaliwa Wallsend, wa pili na wa tatu Hetton-le-Hole, na kitindamimba Seaham. Umri wa watoto ukiwekwa kando ya vijiji hivyo, ramani ya kuhamahama kwa wazazi hujichora yenyewe, na mtafutaji hujua ni parokia zipi za kupekua na katika miaka ipi.

Safu ya kazi nayo huzungumza, ingawa si kwa haki. Wavulana wa miaka 10 au 11 huandikwa kuwa wafanyakazi wa mgodini, kwani sheria ya 1842 ilikataza kuwashusha shimoni wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 tu. Wake wa wachimbaji, kwa upande mwingine, mara nyingi huachiwa nafasi tupu, kana kwamba hawakufanya lolote. Ilhali ni wao waliochemsha maji ya kuoga kwa wanaume wa zamu tofauti, usiku na mchana, na kufua nguo zilizojaa vumbi jeusi.

Ikumbukwe pia kwamba kinachosomwa leo katika sensa za 1841 hadi 1901 ni nakala iliyoandikwa na karani katika kitabu chake; fomu zenyewe za wenye nyumba ziliharibiwa. Karani aliyetoka sehemu nyingine aliandika alichosikia. Mtu wa jina la Harrison aweza kupatikana chini ya Harison au Arrison, na anayetafuta tahajia moja tu atarudi mikono mitupu.

Sensa ya Aprili 2, 1911, ni tofauti kwa kuwa fomu za wenye nyumba zimehifadhiwa. Humo mjukuu anauona mwandiko wa babu mwenyewe. Aidha, kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa kwa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliokuwa hai, wangapi bado wapo na wangapi wamefariki. Mstari unaosoma 11, 6, 5 hauhitaji maelezo. Ni hapo ambapo jamaa wengi hutambua kwa mara ya kwanza kuwa nyanya mzaa babu alizika watoto ambao hakuna aliyewataja tena.

Yaliyotokea kati ya sensa moja na nyingine hayamo katika sensa. Mfano mchungu ni kijiji cha New Hartley, Northumberland. Wanaume wake walihesabiwa Aprili 7, 1861, wakiwa na wake na watoto wao. Januari 16, 1862, mhimili wa chuma wa mtambo wa kuvuta maji ulivunjika na kuanguka ndani ya shimo la mgodi, ambalo lilikuwa njia ya pekee ya kuingia na kutoka. Wanaume na wavulana 204 walikufa, na wengi wao walizikwa Earsdon. Anayefuatilia ukoo wa hapo huyakuta majina aliyoyasoma katika sensa yakijirudia, ukurasa baada ya ukurasa, katika orodha ya waliozikwa, mara baba na wanawe pamoja. Sheria ya kulazimisha kila mgodi uwe na njia mbili ilipitishwa mwaka huohuo.

Kabla ya 1837, tegemeo kuu ni parokia. Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, waziri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Ni kwa daftari kama hilo ulimwengu unajua kwamba William Shakespeare, mwana wa mtengeneza glovu, alibatizwa Stratford Aprili 26, 1564. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Ile ya Aprili 23 inayosherehekewa ni makadirio. Kanisa liliandika lililolihusu, nalo ni maji ya ubatizo.

Madaftari ya mwanzo ni bahili mno. Mstari mmoja hutosha: tarehe, jina la mtoto, jina la baba. Mama wakati mwingine hatajwi. Kasisi mmoja aliandika kwa Kilatini, mwingine kwa mwandiko wa kuku, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 wengi waliacha kuandika kabisa. Vilevile, hadi 1752 mwaka ulianza Machi 25 badala ya Januari 1, hivi kwamba mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa hesabu ya kasisi alibatizwa Februari 1721 kwa hesabu ya leo. Wasiolijua hilo hushangaa kuona mtoto akibatizwa kabla ya harusi ya wazazi, wakati harusi ilitangulia kwa miezi mingi.

Fedha nazo ziliingia kati. Kuanzia 1783 hadi 1794 serikali ilitoza kodi ya peni tatu kwa kila jina lililoandikwa daftarini, na mafukara pekee ndio waliosamehewa. Baadhi ya wazazi waliharakisha ubatizo kabla kodi haijaanza, wengine wakauahirisha kwa miaka. Neno fukara likionekana kando ya jina katika miaka hiyo, lisichukuliwe upesi kuwa picha kamili ya hali ya familia.

Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika Machi 1754 iliwataka wanandoa wote, isipokuwa Wayahudi na Wakweka, waoane katika kanisa la Anglikana na watie sahihi daftarini. Hapo ndipo mkono wa mfanyakazi unapoonekana. Wengi walichora alama ya msalaba na kasisi akaandika jina kando yake. George Stephenson, mhandisi aliyejenga reli ya mgodi wa Hetton iliyofunguliwa Novemba 1822, alizaliwa na wazazi wasiojua kusoma wala kuandika, naye alianza kujifunza akiwa na miaka 18 hivi. Alipooa mara ya kwanza katika kanisa la Newburn mwaka wa 1802 aliweza kutia sahihi yake mwenyewe.

Wenye asili ya Durham wana bahati ambayo wengine hawana. Kati ya 1798 na 1812, kwa agizo la Askofu Shute Barrington, makasisi wa dayosisi hiyo waliandika mengi kuliko ilivyokuwa desturi: siku ya kuzaliwa na siku ya ubatizo, nafasi ya mtoto katika familia, kazi ya baba na mahali alikotoka, jina la ukoo la mama na mahali alikotoka. Kwa ukurasa mmoja mtu hupata vizazi viwili na vijiji vitatu. Kisha sheria ya kitaifa ikaleta fomu za kuchapishwa zilizoanza Januari 1, 1813. Fomu hizo zilikuwa hatua mbele kwa parokia nyingi, lakini kwa Durham zilikuwa hasara, kwa kuwa hazikuwa na nafasi ya jina la ukoo la mama wala ya asili ya wazazi.

Wengi wa wachimba makaa pia walikuwa Wamethodisti, na watoto wao huenda wasipatikane katika daftari la Anglikana. Madaftari mengi ya makanisa hayo mengine yalikusanywa na serikali baada ya usajili kuanza, na sasa yamo katika Makavazi ya Kitaifa yaliyoko Kew, London.

Kosa linaloharibu kazi nyingi zaidi ya yote ni la majina yanayofanana. Koo za wafanyakazi zilirudiarudia majina machache: John, Thomas, William, Mary, Ann. Chukulia sensa ya 1851 inamtaja John Harrison wa miaka 40, aliyezaliwa katika parokia fulani. Daftari la parokia hiyo lina John Harrison wawili, mmoja aliyebatizwa 1810 na mwingine 1811. Mtafutaji mwenye pupa humchagua wa kwanza na kusonga mbele.

Mwenye subira hufungua daftari la mazishi. Huenda akamkuta John wa 1810 amezikwa 1813, akiwa na umri wa miaka mitatu. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wengi waliofia utotoni wamegeuzwa mababu na watu wasiowahusu, kwa sababu tu hakuna aliyegeuza kurasa chache zaidi. Jina, umri na mahali vikikubaliana katika hati moja, hiyo ni dalili njema. Ushahidi ni hati nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine, ikisema neno lilo hilo.

Cha ajabu ni kwamba familia iliyozama zaidi katika ufukara ndiyo wakati mwingine iliyoacha habari nyingi. Kwa mujibu wa sheria ya 1662, parokia iliweza kumfukuza mgeni ambaye ingelazimika kumsaidia, akarudishwa kwenye parokia yenye wajibu naye. Ili kuujua wajibu huo, mahakimu walimhoji kwa kiapo: alizaliwa wapi, alimtumikia nani kwa mwaka mzima, alilipa kodi ya nyumba kiasi gani, ameoa nani. Majibu yaliandikwa. Kibarua ambaye hakuwahi kushika kalamu aliacha hivyo maelezo ya maisha yake.

Wanawake waliopata mimba bila kuolewa nao walihojiwa, wamtaje baba wa mtoto ili aandikiwe hati ya kugharimia malezi. Lilikuwa swali la kumdhalilisha mtu, lakini jina ambalo kasisi aliliacha wazi katika daftari la ubatizo mara nyingine linapatikana humo, na pengine pekee.

Upekuzi wenyewe umekuwa rahisi mno. Sensa ya 1901 ilipowekwa kwenye mtandao Januari 2002, watu walijitokeza kwa wingi hivi kwamba tovuti ililemewa na kufungwa kwa miezi kadhaa. Faharasa za vyeti zimenakiliwa na watu wa kujitolea wa mradi wa FreeBMD tangu 1998 na hazitozwi ada, sawa na rekodi nyingi za FamilySearch. Kampuni nyingine hutoza malipo. Madaftari asilia ya parokia, kufuatia sheria ya kanisa ya 1978, kwa sehemu kubwa yamo katika makavazi ya kaunti.

Urahisi huo umezaa ugonjwa wake. Mtu mmoja hukosea na kuandika nasaba yake mtandaoni, wengine 50 huinakili, na anayekuja baadaye huona nasaba 51 zinazokubaliana. Hizo si shahidi 51. Ni shahidi mmoja aliyekosea.

Anayeanza leo atafute kwanza katika sensa ya Juni 19, 1921, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022, kwa kuwa karatasi hizo hufungwa kwa miaka 100. Karatasi za sensa ya 1931 za England na Wales ziliteketea kwa moto mnamo Desemba 1942, na ya 1941 haikufanywa. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na orodha ya wakazi iliyoandikwa Septemba 29, 1939, vita vilipoanza, kwa ajili ya vitambulisho. Sensa itakayofuata kufunguliwa ni ya 1951, na hiyo italazimika kusubiriwa hadi 2052.